Je, Wajua? Gobore lile lile, sheria tofauti

Ukikutwa na gobore Sumbawanga, Tanzania, bila kibali, ni kesi ya jinai. Lakini sheria ya shirikisho ya Marekani haihesabu gobore kuwa bunduki! Majimbo yana yake: New Jersey, hata bunduki ya upepo ni silaha.

Gobore hupakiwa mdomoni. Baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha vipande vya chuma, vyote vikishindiliwa kwa ufito. Mlio mmoja, kazi inaanza upya. Usilidharau: linaloua nguruwe pori linaua na mtu.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Ufipa, nchi ya Sumbawanga, penye nyuzi 8 hivi kusini, ulikuwa humo. Magobore ya zamani ya jiwe la kiberiti yaliweza kuruhusiwa. Bunduki zilizo bora wakoloni walibaki nazo wenyewe, na hilo ni dhuluma.

Leo pia mpaka hubadili sheria: ukivuka mpaka wa Kasesya kwenda Zambia na bunduki yako, utahitaji kibali cha Zambia. Tanzania imo katika itifaki mbili za silaha: ya SADC ya 2001 na ya Nairobi ya 2004. Zambia imo katika ya SADC tu.