Kwenda kupanda meli Ziwa Nyasa? Jina la mtoto liandikwe

Likizo ikifika, wapo wazazi wanaopeleka watoto kwa bibi zao mwambao wa Ziwa Nyasa. Ukitokea Iringa, lala Mbeya kwanza. Meli haimsubiri mtu. Kutoka Mbeya barabara hupanda hadi Isongole, ikapita Tukuyu na kuteremka Kyela, ambako sweta za asubuhi hugeuka mzigo.

MV Mbeya II hubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Mzazi, mtoto wa mgongoni naye ni abiria. Hakikisha jina lake limo kwenye orodha, hata kama hakukatiwa tiketi. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Hakuna aliyejua kwa hakika waliopanda walikuwa wangapi.

Ukishaingia, usikimbilie siti. Uliza jaketi la kujiokolea la mtoto liko wapi, mvalishe, uone kama linamkaa. La mtu mzima litamchomoka akianguka majini. Akilalamika joto, mvue sweta.