Kuanza Jiometri kwa Maumbo Badala ya Nukta

Katika somo la kwanza la jiometri, mwalimu mwanafunzi mara nyingi huchora nukta ubaoni na kusema kwamba haina urefu wala upana. Mtoto makini huuliza: "Mbona hiyo ina upana?" Swali hilo ni la haki, kwani alama ya chaki kweli ina upana. Mtoto anayelazimishwa kuyakana macho yake hujifunza kwamba hisabati ni ya kukariri tu.

Kuanza na nukta ni desturi tuliyoirithi kwa Euclid, aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Lakini hiyo si njia pekee. Mwaka 1929, Alfred North Whitehead wa Uingereza alieleza jiometri inayoanza na maeneo yanayogusana. Mwaka huohuo, Alfred Tarski wa Poland alichapisha jiometri inayoanza na tufe, na uhusiano mmoja tu: kitu kuwa sehemu ya kingine. Kwake, nukta ni kundi zima la tufe zenye kitovu kimoja, kubwa na ndogo, zisizo na ya mwisho kwa udogo.

Kwa mwalimu wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa, vifaa vya somo hili vipo shambani. Wakulima wa uwanda huu hufukia majani katika matuta ya mviringo ili yaoze na kuwa mbolea, kisha huyasambaza msimu ufuatao. Kabla hayajasambazwa, mwalimu afanye hivi:

1. Awapeleke wanafunzi shambani na kuwauliza: Matuta yapi yanagusana? Yapi yametengana? Watajibu bila kuhitaji nukta.

2. Darasani, apange sufuria tatu, ndogo ndani ya kubwa, zote zikae katikati. Awaulize: Je, twaweza kuwaza nyingine ndogo zaidi, na nyingine tena? Zote zinazingira mahali gani? Wataonyesha kwa kidole.

3. Hapo ndipo ataje neno "nukta", na kueleza kwamba alama ya chaki huonyesha tu mahali hapo.

Hatusemi nukta iachwe, maana mwanafunzi ataihitaji katika masomo ya mbele. Twasema ije baadaye, iwe jina la jambo ambalo mtoto amekwisha kulifikia kwa akili yake mwenyewe.