“Atasema Tu”: Kweli na Uongo Kuhusu Mtoto Asiyesikia Vizuri

“Mwacheni, atasema tu. Hata baba yake alichelewa.”

Uongo, na kati ya yote yanayosemwa huu ndio unaowagharimu watoto zaidi. Ni kweli wapo wanaochelewa kusema na baadaye wakawa sawa. Lakini hakuna bibi wala jirani anayeweza kujua kwa macho kama huyu ni mmoja wao. Masikio yapimwe kwanza. Ubongo wa mtoto hujifunza sauti kwa kasi kubwa katika miaka michache ya mwanzo, na sauti zisipoufikia, sehemu iliyopaswa kuzishughulikia huanza kuchukuliwa na kazi nyingine. Ndiyo maana wataalamu wa usikivu hufuata hesabu hii: mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Kwetu si ajabu kumkuta mtoto wa miaka 4 akipimwa kwa mara ya kwanza.

“Mlango ukibamizwa anashtuka. Huyo anasikia.”

Hapa ndipo wazazi wengi wenye nia njema hupotea. Mlango, ngoma na lori vina sauti nzito, na mtoto anaweza kuzipata hata kama usikivu wake ni hafifu sana. Mara nyingine hasikii kabisa, ila amehisi sakafu ikitikisika, au upepo wa makofi umempita shavuni. Maneno ni kitu kingine. Sauti ya “s” ni nyembamba na ina nguvu kidogo, na kwa watoto wengi ndiyo ya kwanza kupotea. Sasa fikiria kazi yake katika Kiswahili: “samaki” inamfikia kama “amaki”, na “sitaki” inabaki “itaki”. Kukataa kwenyewe kumetoka ndani ya neno! Mtoto huyo ataitwa mkaidi kumbe hajasikia alichokatazwa.

“Ana udata. Akikatwa ulimi utafunguka.”

Uongo. Udata unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kutamka sauti chache, lakini haumfanyi akae miaka miwili au mitatu bila neno hata moja. Kukata kimeo nako hakumfanyi mtu aseme. Kunamwachia kidonda, hatari ya kuvuja damu na ya maambukizi, huku sikio likiwa halijaguswa na mtu.

“Ni laana ya ukoo.”

Uongo. Wengine huzaliwa na tatizo la kurithi, hata kama wazazi wote wawili wanasikia. Wengine limewapata kwa rubela ya mama akiwa mjamzito, manjano kali baada ya kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, baadhi ya dawa kama jentamaisini, au usaha wa sikio ulioachwa bila tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa.

“Akishavalishwa kifaa, ataanza kusema.”

Nusu kweli, na nusu iliyobaki iko nyumbani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na kwa watoto wanaohitaji upasuaji huo ni mlango mkubwa uliofunguka. Wengine hutosheka na shimesikio la kuvaa. Lakini kifaa huleta sauti tu, maana ya sauti hufundishwa. Mtoto wa miaka 3 aliyewashiwa kifaa jana ana umri wa kusikia wa siku moja. Msimlinganishe na binamu yake.

Mfano wa kazi yenyewe ni huu. Asubuhi, kabla ya redio kuwashwa, mama anakaa na mtoto mkekani, kikombe kimoja na punje za maharage. Anafunika mdomo kwa kipande cha kanga bila kukigusisha midomo, ili mtoto asisome midomo, kisha anatamka sauti moja moja: mmm, uuu, aaa, iii, shhh, sss. Kila mara mtoto anaposikia, anatia punje kikombeni. Sauti hizo sita, alizozipanga mtaalamu Daniel Ling, zinagusa sauti nzito mpaka nyembamba za usemi. Punje ya “sss” isipodondoka leo wakati jana ilidondoka, huenda betri imekwisha, au kipande cha sikioni kimeziba au kimekuwa kidogo, kwa maana sikio la mtoto hukua upesi.

Baada ya hapo ni maongezi ya kawaida: tunamenya viazi, maganda haya, maji yanachemka, moto huo. Sogea karibu naye, usipige kelele. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inamfikia na nguvu zaidi bila kuharibika.

“Mwongeleshe Kiswahili tu, kilugha kitamchanganya.” Uongo. Mwongeleshe lugha unayoimudu, unayobembelezea na kuimbia.

“Lugha ya alama itamfanya mvivu wa kusema.” Uongo pia, na wenye kuudhi. Alama hazizuii ulimi. Wapo watoto ambao kifaa hakitawatosha, na wapo wanaosubiri kifaa kwa miaka mingi. Kuwanyima alama ni kuwaacha bila lugha yoyote katika umri ule ule wa kuijenga. Nyumba inaweza kuwa na zote mbili.

Mzazi, ukiwa na shaka leo, usingoje Jumatatu ya mwezi ujao. Omba mtoto apimwe kwa mashine, si kwa makofi. Kipimo cha awali cha mtoto mchanga huchukua dakika chache, yeye akiwa amelala, na hakimuumizi.