Virai vya wakati vya Kiingereza, kwa mfano wa vita vya 1896

Msemaji wa Unguja akisema "atakuja Jumatatu", sentensi imetimia. Siku imetajwa, kitenzi kimebeba njeo, hakuna kinachopungua. Kiingereza, hasa cha Uingereza, hutaka neno moja dogo hapo katikati: "he will come on Monday". Neno hilo ni kihusishi, na pamoja na nomino inayolifuata huunda kirai kimoja. Kazi kubwa ya kirai hicho ni kukieleza kitenzi: lini, tangu lini, mpaka lini, kwa muda gani.

Vihusishi vitatu vinavyotumika zaidi, "at", "on" na "in", vimegawana wakati kwa ukubwa wake. Mgawanyo huo unaonekana vizuri katika tukio ambalo kila anayetembeza wageni Mji Mkongwe hulazimika kulisimulia kwa Kiingereza. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, na siku ya pili yake akapewa onyo la mwisho: ateremshe bendera na atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa ikafika bendera ingali juu, na dakika chache baadaye manuari za Kiingereza zikaanza kuipiga kasri mizinga.

Mwaka na mwezi ni vipande vipana ambavyo tukio huingia ndani yake, kwa hiyo "in 1896" na "in August". Siku na tarehe huchukua "on": "on Thursday", "on 27 August". Saa ni nukta, nayo huchukua "at": "at nine o'clock". Hapo kwenye saa pana mtego mwingine usiohusu vihusishi. Anayeigeuza "saa tatu asubuhi" neno kwa neno atapata "three in the morning", ambayo ni saa tisa ya usiku, na mgeni ataondoka akiamini kuwa kasri ilipigwa watu wamelala.

Sehemu za siku zina taratibu zake: "in the morning", "in the afternoon", "in the evening", lakini "at night". Usiku umeachwa peke yake, na hilo ni la kuhifadhi tu. Linaloeleweka zaidi ni kwamba asubuhi ikifungwa kwenye tarehe, tarehe ndiyo inayotawala: "in the morning" inakuwa "on the morning of 27 August". Sikukuu nazo hufuata kanuni hiyo. Ramadhani ni mwezi, kwa hiyo "in Ramadan". Idi kama msimu ni "at Eid", na Idi mosi, kwa kuwa ni siku, ni "on the first day of Eid".

Kihusishi sahihi peke yake hakitoshi ikiwa wasemaji hawakubaliani siku inaanza wapi. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, na wazee wengi wa Unguja wakisema usiku wa Ijumaa hukusudia ule unaoanza magharibi ya Alkhamisi. "On Friday night" ni usiku unaofuata, baada ya Ijumaa kwisha. Anayealika watu wa pande zote mbili kwenye maulidi afadhali aandike tarehe.

Maneno kama "last", "next", "this" na "every" yakitangulia nomino ya wakati, kihusishi huondoka: "last Friday", "every year", bila ya "on" wala "in". Msemaji wa Kiswahili, ambaye hapa angekuwa nyumbani, mara nyingi huwa ameshajizoesha kutia "on" kila mahali na hukitia hata pasipotakiwa.

Ugumu hasa unaanza kwenye vihusishi vya mipaka. Onyo alilopewa Khalid kwa Kiingereza huelezwa kwa "by": bendera iwe imeteremka "by nine o'clock". Maana yake ni kwamba kitendo kifanyike wakati wowote, ila saa tatu isipite. "Until" inahusu hali inayoendelea mfululizo mpaka ikome. Lau onyo lingesema bendera iwe chini "until nine o'clock", Khalid angekuwa na haki ya kuipandisha tena saa tatu na dakika moja. Katika mazungumzo ya kila siku "mpaka" na "hadi" hubebeshwa kazi zote mbili, na msikilizaji huelewa kwa muktadha. Kiingereza hakimwachii msikilizaji kazi hiyo, ndiyo maana barua za kuomba ruhusa, malipo au vifaa vya skuli huharibika hapo kuliko mahali pengine popote.

Katika ukanushi, hata hivyo, lugha hizi mbili hukutana. Baada ya kushindwa, Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na hakutoka mpaka tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa na mashua ya manuari ya Kijerumani Seeadler ikaweza kufika hadi ubalozini kumchukua, akapelekwa Dar es Salaam. "He did not leave until 2 October" ina umbo lile lile la sentensi ya Kiswahili.

"For" hupima urefu wa muda, na "since" hutaja ulipoanzia. Mizinga ilipigwa "for about forty minutes"; Khalid alikaa ubalozini "for more than a month". Kosa linalosikika sana haliko kwenye kihusishi bali kwenye kitenzi kinachoandamana nacho. Kiswahili kinaridhika na njeo iliyopo, "yupo hapa tangu asubuhi", na mwanafunzi husema "he is here since morning". Kiingereza hutaka hali timilifu: "he has been here since morning". Kirai cha "since" huvuta uzi kutoka zamani hadi sasa, na kitenzi sharti kiufuate uzi huo wote.

"During" ni rahisi kwa anayejua tofauti ya "wakati wa vita" na "wakati vita vinaendelea". Inalingana na "wakati wa": hufuatwa na nomino tu, kama katika "during the war". Penye kitenzi hutumika "while". "Before", "after", "since" na "until" hazina mpaka huo. Zinaweza kufuatwa na nomino au na sentensi kamili, na zikifuatwa na sentensi wanasarufi wengi huzihesabu kuwa viunganishi.

"In" ina kazi ya pili inayowapita wengi. "The boat leaves in two hours" ni kusema boti itaondoka baada ya saa mbili kuanzia sasa. Anayesema "after two hours" hueleweka, lakini Mwingereza hasemi hivyo. Na boti ikiondoka kwa saa iliyopangwa, imeondoka "on time"; abiria aliyewahi kabla haijaondoka amefika "in time".

Mahali pa kawaida pa kirai cha wakati ni mwisho wa sentensi. Virai vikiwa viwili, kidogo hutangulia kikubwa: "at nine o'clock on 27 August 1896". Kikiwekwa mwanzoni huwa kinatandaza mandhari ya habari yote inayofuata, na wasimulizi wa historia hupenda kukiweka hapo. Kinaweza pia kuiganda nomino badala ya kitenzi, kama katika "life before the war", maisha ya kabla ya vita.

Kuganda huko ndiko kunakoleta utata. "The consul told Khalid to leave the palace on Wednesday" ina maana mbili: agizo lilitolewa Jumatano, au kutoka kuwe Jumatano. Tarehe 26 Agosti 1896 ilikuwa Jumatano, siku onyo lilipotolewa, na mwisho wake ulikuwa Alkhamisi. Kwa hiyo msomaji anayekiambatisha kirai na "to leave" amempunguzia Khalid siku nzima. Njia nyepesi ni kukihamishia mwanzoni, "On Wednesday the consul told Khalid to leave the palace", kisha muda wa mwisho ukatajwa mahali pake: "by nine the next morning".