Wanamaji wa Talwar

Ndugu msomaji, huenda umewahi kula dengu zenye mchanga. Unatafuna, jino linagonga jiwe, unatema. Nyumbani utamwambia mpishi azichague vizuri kesho. Sasa fikiri kwamba uko katika jeshi, chakula hicho unapewa kila siku, na ukilalamika unaambiwa kwamba wewe ni mwasi. Utafanya nini?

Jambo hili lilitokea kweli, katika mji wa Bombay, nchini India. Siku hizi mji huo unaitwa Mumbai. Watu wa pwani yetu wanaufahamu tangu zamani, kwa sababu majahazi yalikuwa yakienda huko kwa upepo wa kusi na kurudi kwa upepo wa kaskazi. Wakati huo India ilikuwa inatawaliwa na Waingereza. Waingereza walikuwa na jeshi la maji la India. Maofisa wake wengi walikuwa Waingereza, na mabaharia walikuwa Wahindi.

Katika mji huo palikuwa na chuo cha jeshi hilo, jina lake Talwar. Maana ya neno hilo ni upanga. Talwar kilikuwa chuo cha mawasiliano. Kijana aliyepelekwa huko alijifunza kupeleka habari kwa simu ya upepo, kwa taa na kwa bendera.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mara nyingi simu ya upepo waliyojifunza haikupeleka sauti ya mtu. Ilipeleka milio mifupi na milio mirefu. Herufi E ni mlio mmoja mfupi. Herufi T ni mlio mmoja mrefu. Herufi A ni mfupi kisha mrefu. Mwanafunzi alikaa na vyombo vya kusikilizia masikioni, penseli mkononi, akaandika herufi moja moja kadiri zilivyokuja. Wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unajua jinsi herufi zinavyoweza kumchosha mtu. Wale walijifunza herufi zao kwa masikio. Na aliyekosea angeweza kuipeleka meli mahali pa hatari.

Kwa hiyo jeshi halikuweza kuchukua mtu yeyote tu kwa kazi hii. Lilitaka vijana waliosoma. Vijana waliosoma walisoma pia magazeti. Nadhani Waingereza hawakulifikiria sana jambo hili.

Chuo kilikuwa nchi kavu, lakini kiliendeshwa kama meli. Sakafu iliitwa sitaha. Mtu aliyetoka langoni kwenda mjini alisemekana kwamba anakwenda pwani, ingawa alikuwa tayari pwani! Siku nilipowaeleza wanakisomo wangu jambo hili walicheka sana. Lakini lilikuwa na sababu: baharia alitakiwa azoee meli kabla hajaipanda.

Asubuhi waliamshwa mapema. Walisafisha mabweni, wakapanga vitanda na nguo zao kwa namna moja. Bendera ya Mwingereza ilipandishwa, na kila mtu alisimama wima. Yalifuata magwaride, kisha masomo. Ofisa alipopita, baharia alipiga saluti. Aliyechelewa au aliyevaa vibaya alipewa kazi za ziada, au alinyimwa ruhusa ya kwenda mjini. Kosa kubwa lilimpeleka mtu mahabusu.

Mambo hayo mengi hayakuwaudhi sana. Jeshi lisilo na nidhamu haliwezi kufanya kazi, na wao walijua hivyo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 jeshi hilo la maji lilikuwa dogo sana. Vita ilipokwisha mwaka 1945 lilikuwa na watu wapatao 30,000. Wengi wao walikuwa wamevuka bahari na kupigana. Walipoandikishwa waliahidiwa mambo mazuri. Walichokipata ni mshahara mdogo kuliko wa baharia Mwingereza aliyefanya kazi ile ile, na mahali pabaya pa kulala. Na dengu zenye mchanga.

Tena palikuwa na sheria moja ngumu. Baharia aliruhusiwa kulalamika, lakini peke yake. Watu wawili au watatu wakilalamika pamoja, hayo ni maasi. Na adhabu ya maasi inaweza kuwa kifo. Ona basi hila ya sheria hiyo: chakula kibaya wanakula wote, lakini kila mmoja lazima asimame peke yake mbele ya ofisa.

Tarehe 1 Desemba 1945 ilikuwa siku ya sherehe ya jeshi la maji. Wageni walialikwa Talwar. Kulipokucha, kuta zilikuwa zimeandikwa maneno makubwa ya kuwataka Waingereza waondoke India. Maofisa walitafuta aliyeandika, wasimpate. Mwezi wa Februari 1946 maandishi yalitokea tena. Safari hii alikamatwa baharia mmoja wa simu, jina lake B. C. Dutt. Alikuwa amepigana katika vita. Sanduku lake lilipopekuliwa, yalionekana maandishi ya siasa. Akawekwa mahabusu.

Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Kamanda King, Mwingereza aliyefika mwezi wa Januari. Tarehe 8 Februari aliingia katika bweni, akaona kwamba baadhi ya mabaharia hawakusimama upesi. Aliwatukana. Aliwaita wana wa makuli na wana wa mbwa. Kuli ni mpagazi wa bandarini. Kazi yake ni ya halali, na watoto wengi wamesomeshwa kwa jasho la kuli. Lakini King hakulisema neno hilo kwa heshima.

Mabaharia hawakumjibu. Waliikumbuka ile sheria. Watu kumi na wanne walikaa chini, kila mmoja akaandika barua yake mwenyewe na kutia sahihi yake. Barua kumi na nne, jambo moja! Sheria haikuvunjwa hata kidogo. Zaidi ya wiki moja ilipita. Kisha King aliwaita, akawapa saa ishirini na nne wazifute barua zao, la sivyo wataadhibiwa kwa kusema uongo.

Hawakuzifuta. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Februari 1946, kengele ya chakula ililia. Mabaharia zaidi ya elfu moja walikataa kula, na wakakataa kufanya kazi.

King aliondolewa, lakini walikuwa wamechelewa. Kumbuka kazi ya chuo kile. Watu wa Talwar ndio waliojua kupeleka habari kwa simu ya upepo. Habari zao zilifika katika meli na vyuo vingine kwa muda mfupi. Katika siku chache meli zipatazo 78 na watu wapatao 20,000 waligoma. Walichagua kamati yao. Mwenyekiti alikuwa M. S. Khan, Mwislamu, na makamu wake Madan Singh, Singasinga. Katika meli walipandisha bendera tatu pamoja: ya chama cha Congress, ya Muslim League na ya Wakomunisti. Vyama hivyo vyenyewe havikuelewana hivyo.

Huko Karachi meli iitwayo Hindustan ilipigwa mizinga, na mabaharia kadhaa wakafa. Hata vijana wadogo wa chuo cha Bahadur waliingia katika mgomo. Katika mitaa ya Bombay wafanyakazi walitoka viwandani kuwaunga mkono mabaharia. Askari waliwapiga risasi. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao raia.

Viongozi wakubwa wa siasa hawakuutaka mgomo. Waliogopa kwamba jeshi lililozoea kukataa amri litawasumbua nao watakapotawala. Vallabhbhai Patel wa Congress aliwashauri wanamaji wajisalimishe, akaahidi kwamba hawataonewa. Tarehe 23 Februari walijisalimisha.

Ahadi ile haikutimizwa. Wengi walifungwa, na zaidi ya 400 walifukuzwa kazi bila kitu. Mwaka 1947 India na Pakistan zilipata uhuru. Kila nchi ilikuwa na jeshi lake la maji, na kila jeshi lilihitaji watu wanaojua simu ya upepo. Hakuna hata mmoja wa waliofukuzwa aliyerudishwa kazini. Dutt alitafuta kazi nyingine mjini Bombay. Baadaye aliandika kitabu kuhusu siku zile. Miaka mingi ilipita kabla serikali ya India haijawatambua wanamaji wale kuwa wapigania uhuru.