Mwana Anapokwenda Italia, Tumempa Nini?

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Baada ya sala ya Ijumaa mjini Bunda, mume na mkewe walitujia na kijana wao kutaka shauri. Kijana amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu nchini Italia. Baba ameridhia, mama anasita. Akatuuliza: "Sheikh wetu, huko mwanangu atasali na nani?"

Swali hilo si la nyumba moja. Minofu ya sangara wa ziwa letu huuzwa Italia kwa jina la persico africano, na vijana wa Musoma, Bunda na Butiama nao hutamani kuvuka bahari.

Tulianza kwa kumweleza yanayojulikana. Katiba ya Italia ya mwaka 1948, katika ibara ya 8 na ya 19, inalinda uhuru wa dini. Mjini Roma upo msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995. Hata hivyo, dola haijafunga na Waislamu mkataba rasmi kama iliyofunga na baadhi ya dini nyingine. Idi si sikukuu ya taifa, na katika miji mingi waumini husali katika kumbi za kawaida zisizo na mnara wala adhana ya kusikika mtaani. Aidha, mwezi wa Juni mjini Milan jua huchwa baada ya saa tatu usiku. Ramadhani ikiangukia majira hayo, saumu hupindukia saa 17.

Maisha ya kila siku nayo yana adabu zake. Mgeni hutakiwa kuomba kibali cha ukaaji ndani ya siku 8 za kazi tangu afike. Aingiapo dukani husalimu kabla ya kuuliza bei, na mtu mzima asiyemzoea humsemesha kwa neno la heshima, Lei. Katika chakula awe macho: mafuta ya nguruwe huingia hata katika baadhi ya mikate, na mvinyo hutiwa katika michuzi. Aulize bila haya.

Hayo si mageni kwetu kama tudhanivyo. Waislamu wa Mara tu wachache kati ya majirani wa dini nyingine. Tunazikana, tunaalikana harusini, na tunajua kukataa sahani isiyotuhalalikia bila kumvunjia heshima mwenyeji. Masahaba waliohamia Habasha nao walikuwa wachache chini ya Najashi, mfalme Mkristo. Jaafar bin Abi Talib alipoitwa mbele yake, aliieleza imani yake kwa ukweli na adabu, nao wakaachwa waishi kwa amani. Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane.

Kisha tukamrudishia mama swali: "Hapa nyumbani, usipomgongea mlango, huamka kusali Alfajiri?"

Mama alinyamaza. Baba akainama. Kijana, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mara chache, Sheikh."

Tulimpenda kwa ukweli wake. Hatukumzuia safari. Tulimwomba mama aache kumgongea kwa miezi iliyobaki, na kijana aamke mwenyewe, kwa kuwa huko hapatakuwa na wa kumwamsha. Sala inayotegemea sauti ya mama itakoma kiwanja cha ndege. Ile aliyoizoea peke yake atafika nayo.

Enyi wazazi, tusingoje pasipoti itoke ndipo tuanze kulea. Asiyefunzwa kusimama na dini yake Bunda hatafunzwa na Milan.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, walio karibu na walio ng'ambo. Amin.