Mashine ya Moyo Ipo Ukutani, Nani Anaitunza?

Tarehe 24 Julai 2023, Bronny James, mchezaji wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Southern California, alianguka akiwa mazoezini katika ukumbi wa Galen Center, Los Angeles. Moyo wake ulikuwa umesimama. Alikuwa na miaka 18. Wahudumu wa timu walimwahi, na Desemba mwaka huohuo akarejea uwanjani. Wengi waliuliza kijana mwenye nguvu vile aliangukaje. Ilibainika kwamba alizaliwa na hitilafu ya moyo. Swali linaloninyima raha ni jingine: je, ingekuwaje kama angeangukia maktabani, saa nne usiku?

Moyo ukisimama ghafla, mara nyingi huanza kwa kutetemeka ovyo. Kila sehemu ya msuli hujivuta kivyake, na damu haisukumwi tena. Kukandamiza kifua huufikishia ubongo damu kidogo, lakini cha kuukomesha mtetemeko huo ni mshtuko wa umeme. Bila msaada wowote, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Katika utafiti wa kasino za Marekani uliochapishwa mwaka 2000, asilimia 74 ya walioshtuliwa ndani ya dakika 3 walitoka hospitali wakiwa hai. Kwa waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 49. Waliowashtua walikuwa walinzi wa kasino.

Ndiyo maana naamini kuitumia mashine ya kutoa mshtuko huo, inayoandikwa AED, ndiyo sehemu rahisi. Inasoma mapigo yenyewe, inakuelekeza kwa sauti, na isipoona haja haitoi umeme. Ugumu uko kwenye kuitunza miaka yote ambayo haiguswi. Vibandiko vya kifuani vina jeli inayokauka, hivyo huisha muda hata pakiti ikiwa haijafunguliwa, kwa kawaida baada ya miaka miwili au zaidi kidogo. Betri nayo huliwa polepole, kwa kuwa mashine hujipima yenyewe mara kwa mara na kutoa majibu kwa taa ndogo, nyingi zikitumia ya kijani. Uchambuzi wa ripoti za hitilafu zilizopelekwa serikalini Marekani kati ya 1993 na 2008 ulikuta karibu robo ya matukio ya vifo yalihusu betri au umeme wa mashine.

Chuoni hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu mashine hazina mwenyewe mmoja. Kitivo kimenunua yake, bweni limepewa msaada, idara ya michezo ina zake. Aliyeileta akihama, hakuna anayejua vibandiko vinaisha lini. Pawe na ofisi moja yenye daftari la mashine zote: ilipo, tarehe za kwisha muda, na jina la anayeitazama kila mwezi.

Daftari hilo liandike pia saa ambazo mlango wa jengo huwa wazi. Watafiti wa Toronto walichunguza watu waliosimama moyo karibu na AED wakakuta kwamba kwa takriban mmoja kati ya watano, jengo lenye mashine lilikuwa limefungwa. Usiku na mwisho wa wiki hali ilikuwa mbaya zaidi. Wanafunzi hukesha. Kwa hiyo mashine ya kwanza kuhamishwa iwe ile iliyo ndani ya ofisi ya mkuu wa idara, ipelekwe nje, ukutani, karibu na lango la bweni ambako mlinzi yupo usiku kucha.